Bastola Iliyochujuka

Shamte, mlinzi wa hoteli ya wazamiaji pale Utende, kisiwani Mafia, alikutwa asubuhi amelala kifudifudi kwenye karakana, tochi yake ikiwaka bado. Risasi ilikuwa imeingia nyuma ya sikio, kwa ukaribu uliounguza nywele.

Inspekta Matilda alichuchumaa kando yake. Maiti alishazizoea. Kilichomtisha ni kwamba aliyemuua Shamte hakuwa ameondoka kisiwani, kwani usiku ule hakuna boti iliyotoka; pengine alikuwa miongoni mwa hawa waliokuwa wakichungulia mlangoni na nyuso za msiba.

Kabla ya adhuhuri mtuhumiwa alishapatikana. Meneja wa hoteli, Audax, mtu wa bara, alikuwa na bastola yenye leseni, na wafanyakazi wote walimsikia akigombana na Shamte.

"Mligombania nini?" Matilda alimuuliza kituoni.

"Kifo cha mdogo wake. Shaibu alifia majini akizamia na vifaa vyetu. Shamte alitaka nifunge karakana mpaka ichunguzwe. Nikamwambia anataka kuniulia biashara."

"Ukamuua wewe kwanza."

"Sikumuua, afande. Bastola inakaa kwenye droo, ofisi nafunga. Hapa Mafia hakuna aliyewahi kuiona."

Matilda aliifungua bastola juu ya meza. Sehemu ya juu, ya chuma, ilikuwa nyeusi tii. Mwili wake wa chini, wa alumini, ulikuwa umechujuka ukawa wa kijivu, umejaa vishimo kama uso wa mtu aliyepona ndui. Matilda alikuwa amefanya kazi ghala la silaha kabla ya kuhamia upelelezi. Alijua anachokitazama.

"Huwa unaisafishaje?"

"Kwa mashine ya karakana, ile inayotikisa uchafu kwa mawimbi ya sauti. Usiku, nikiwa peke yangu. Natoa risasi zote kwanza, naifungua. Alumini naiosha peke yake, isichanganyike na chuma. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini, muda mfupi tu. Naisuuza, naikausha, naitia mafuta."

"Na kostiki, soda ile kali?"

"Kostiki inakula alumini, afande. Nani anaweza kufanya hivyo?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Audax alijua bastola yake imetengenezwa kwa metali gani. Aliyeiosha safari hii hakujua.

Matilda alirudi karakana. Fundi Suleimani, mtu mpole wa Mafia hapo hapo, ndiye aliyevihudumia vifaa vya kupumulia vya wazamiaji. Mashine ilikuwa imesuuzwa, lakini Matilda alipopitisha kitambaa kwenye pembe za beseni lake kilitoka na tope jeusi, lile linaloachwa na alumini ikiliwa.

"Unaoshea nini humu, fundi?"

"Vifaa vya kupumulia. Shaba tupu."

"Na kopo lile?"

"Kostiki ya mke wangu, Umi. Anapika sabuni ya mwani. Nachota kidogo natia kwenye mashine, inakata mafuta upesi. Bwana Audax hapendi, lakini shaba haidhuriki."

Alisema bila wasiwasi, kama mtu anayeeleza mapishi.

Matilda na fundi walimkuta Umi uani kwake akikoroga sabuni. Suleimani alisimama mlangoni.

"Shikamoo afande. Mimi sikuona kitu," alisema Umi, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. Mwiko ulikuwa ukigongagonga ukingo wa chungu.

"Unaumwa?"

"Amechoka," alijibu Suleimani. "Leo maji yakijaa nampeleka Ras Kisimani kwa jamaa, apumzike."

Umi alimgeukia mumewe kama mtu anayeisikia safari hiyo kwa mara ya kwanza. Kisha akainamisha kichwa na kuendelea kukoroga.

Matilda alitoka. Siri ya mtungi aijuaye kata, na Umi aliijua. Lakini kumhoji mbele ya mumewe ni kummaliza, na kumkamata mwanamume kwa kopo la kostiki haiwezekani. Kila mpika sabuni analo. Maji yalikuwa yameanza kupanda. Yule mwanamke akishapakiwa botini, Matilda alijua hatarudi.

Alimtuma konstebo akae uani kwa Umi na asibanduke, aseme amekuja kununua sabuni. Yeye akarudi karakana peke yake. Suleimani alikuwa amesharudi, akifunga mzigo wa safari, kisu cha kuzamia kiunoni.

Matilda aliweka mezani ule mwili wa kijivu wa bastola, bila sehemu yake nyingine hata moja.

"Unakijua kitu hiki?"

"Sijapata kukiona."

"Ni cha bastola ya bosi wako. Ameiosha akaiharibu. Nimekuja kukuaga tu, kesi imekwisha."

Suleimani alishusha pumzi. Mtu aliyebanwa na hofu, ukimlegezea kamba kidogo, ulimi humtangulia.

"Hakuiweza kazi," alisema. "Weusi wote umetoka."

"Weusi gani, fundi?"

Akaurudia mzigo wake, akikaza fundo.

"Unachokiona ni cha kijivu. Hujapata kukiona. Nani kakwambia kilikuwa cheusi?"

Mkono wa Suleimani ulishuka kiunoni. Matilda alikuwa ameshatoa silaha yake, na aliogopa kuliko siku yoyote ya kazi yake.

"Weka kisu mezani. Taratibu."

Kiliwekwa. Suleimani aliketi sakafuni, pale pale alipoangukia Shamte.

"Shaibu nilimuua bila kukusudia," alisema. "Nilisema nimebadilisha mpira wa kifaa chake cha kupumulia, na sikubadilisha. Shamte aliukuta ule mkuukuu humo humo ndani. Akasema anakuja kwenu. Niliogopa, afande. Kufuli la ofisi nililitengeneza mimi, siku hiyo nikaiona bastola kwenye droo; ufunguo mwingine ninao."

"Bastola ukaiosha."

"Ilikuwa na damu. Nikadhani chuma. Ikachemka kama sabuni ya Umi, na yeye akaingia akaniona."

"Kwa nini hukuitupa baharini?"

"Ghuba ya Chole, hii hapa mbele? Kila siku wageni wanashuka na kamera. Wanaokota mpaka pete. Nikairudisha kwenye droo, kesi iwe ya mwenyewe."

Hatua zilisikika nje. Konstebo alikuwa amesimama mlangoni, na nyuma yake Umi, aliyekataa kubaki nyumbani. Matilda alimfunga fundi pingu, kisha akauliza lile alilokuwa akiogopa kuliuliza.

"Na Umi ulikuwa unampeleka Ras Kisimani kufanya nini?"

Suleimani hakuinua macho.

"Kule hakuna anayezamia, hakuna wa kuokota kitu," alisema.

Umi alisikia. Alikaa chini kwenye mchanga, akauvuta mtandio mpaka ukamfunika uso wote, na ilibidi konstebo amwite mara nyingi ndipo akaitika.