Mtani Halii

Hemedi alimpata Tatu kwenye wali wa samaki. Mgahawa wa Mama Magreth, nyuma ya soko la Mtwara, ulikuwa umefurika saa saba ile ya mchana, kikabaki kiti kimoja tu, mbele ya binti fundi cherehani aliyevaa gauni la kitenge cha njano. Hemedi, fundi friji, akajibanza hapo. Alipomsikia akimsimulia Mama Magreth habari za kwao Mahurunga, akanyoosha mkono akakwapua mkia wa samaki wake.

"We kaka! Una wazimu?"

"Mimi Myao, wewe Mmakonde. Huo ushuru wangu, mtani."

Binti akacheka, akanyakua juisi ya ukwaju ya Hemedi akaimaliza yote. "Na mimi nishachukua wangu."

Tangu hapo wakawa wanakula pamoja kila mchana. Hemedi alianza kumwita mke wangu wiki ile ile, na hapo ndipo alipojichimbia kaburi, maana mtani humwita mke yeyote amtakaye na hakuna anayemsadiki.

"Nitaleta posa, mke wangu."

"Lete, na jembe juu, ukatulimie muhogo."

Babu yake Tatu alipofariki, Hemedi alikwenda Mahurunga kufanya kazi ya mtani. Akavaa kanzu ya marehemu, akatembelea mkongojo wake, akawakaripia wafiwa kwa kumcheleweshea chai. Mjomba wa Tatu alicheka huku kashika mbavu. Wote walilia siku ile isipokuwa Hemedi, kwani mtani halii. Kumbe alikuwa anampenda yule binti mpaka usingizi unampaa, ila hakuwa na namna nyingine ya kusema naye.

Siku moja Tatu akaweka kijiko chini. "Nimeposwa. Mtu wa korosho, kutoka Newala. Ijumaa jioni mjomba anatoa jibu."

Moyo wa Hemedi ulikufa ganzi, lakini mdomo wake, adui yule, ukawahi. "Hongera! Mtanibakizia ukoko wa pilau?"

Tatu alimtazama kitambo, kama mtu aliyebisha hodi asisikie karibu. "Tutakubakizia," akasema, akaondoka na wali haujafika nusu.

Jioni Hemedi akampigia simu. "Tatu, mpenzi, usikubali. Nakupenda."

"Utani wako hauna hata likizo, Hemedi? Niache." Akakata.

Ijumaa, Hemedi alitoka msikitini na kanzu yake, mbio mpaka kwa Mama Magreth. Tatu alikuwa anakula haraka, begi la safari ya Mahurunga miguuni.

"Nataka kukuoa," Hemedi akasema.

Meza ya jirani ikaangua kicheko. "Kanzu hiyo ya marehemu gani, Myao?"

Akampigia mjomba mbele ya watu wote. "Shikamoo, mjomba. Naomba nimuoe Tatu."

Mjomba alicheka mpaka akapaliwa. "Mtani, utaniua! Pilau utakula, usiwe na wasiwasi." Simu ikakatika.

Hemedi akaketi, hana pa kushika. Hata ukweli ulikuwa umemkana. Tatu akausogeza mkia wa samaki ukingoni mwa sahani. "Chukua ushuru wako niende."

Mkono wa Hemedi haukunyooka.

"Sichukui. Mtani huchukua bila kuomba, Tatu. Mimi leo naomba." Machozi yakamdondokea kifuani, kanzu ikalowa. Mama Magreth akasimama na upawa mkononi.

Tatu akanawa mkono, akachukua simu yake.

"Mjomba, usitoe jibu. Yuko mwingine... Hemedi... Hapana, si utani. Analia."

"Nani analia? Yule aliyevaa kanzu ya babu yako?"

"Huyo huyo, mjomba."

"Mlete," mjomba akasema. "Njooni wote, nimwone kwa macho yangu."

Tatu akamsogezea sahani nzima. "Kula basi, mume wangu," akamwambia, na hakuna aliyecheka.