Bolti ya Shokapu

Saa sita mchana, karibu na stendi ya Same, Hedwiga alisimamisha pikapu mbele ya gereji ya Chande kama mzazi anayemleta mtoto mtukutu kwa mwalimu. Gauni la kitenge cha njano, raba nyeupe, na harufu ya tangawizi mbichi za Mamba, kijijini kwao milimani.

"Fundi, gari linalia huku nyuma kama mbuzi."

Chande akaingia uvunguni, akatoka na kutu mpaka kwenye kope. "Shokapu imekufa, dada. Ila bolti yake imeganda. Ukiilazimisha inakatika. Tunaimwagia mafuta ya breki, tunaigonga taratibu, tunasubiri."

"Mpaka lini? Jumapili mtoto wa kaka yangu anabatizwa Mamba. Bibi yuko kwangu hapa mjini, nyonga mbovu, bodaboda hawezi."

"Jumamosi inatosha."

Hiyo ilikuwa Jumatano. Jioni ile ile bolti ikalegea. Chande akaishika kiganjani. Tangu mwenzake Kurwa ahamie Moshi, gereji ilikuwa na sauti mbili tu: nyundo na redio. Akairudisha bolti mahali pake.

Alhamisi Hedwiga akaja, akakaa juu ya tairi. "Bado?"

"Ina kiburi. Sijui imerithi kwa nani."

"Mwenye gari hana kiburi, ana haraka." Lakini akakaa saa nzima. Ijumaa akaja na maandazi. Usiku akapiga simu.

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Yupi, gari au mimi?"

"Kwani wewe unaumwa nini?"

"Siku zote hizo hujaniuliza!"

Hedwiga akacheka sana. Jumamosi Chande akamwambia, "Kesho alfajiri nafunga shokapu mpya, saa moja mko barabarani." Alisahau jambo ambalo Same nzima inalijua: mwenye duka la spea ni mzee wa kanisa. Jumapili duka lilikuwa na kufuli kubwa, na simu ya mwenyewe imezimwa.

Hedwiga akachukua spana ajaribu mwenyewe. Hakuihitaji. Bolti ilizunguka kwa vidole.

"Chande. Hii ililegea lini?"

"Jumatano."

Hedwiga akaweka spana chini, akaondoka. Nyumbani, bibi alikaa barazani na kofia yake ya kanisani mpaka saa nane.

Jumatatu gari likapona, likaondoka bila kwaheri. Wiki tatu Chande alipiga simu, ikaita, ikakatika. Akajikuta anamjibu mtangazaji wa redio. Jumapili ya nne akavaa shati alilolipiga pasi mara mbili, akapanda Mamba, kwa kina Hedwiga. Bibi alikuwa uani, amempakata kichanga.

"Shikamoo, bibi. Mimi ndiye niliyekukosesha ubatizo. Bolti ililegea mapema, nikanyamaza. Nilitaka mjukuu wako aendelee kuja."

"Marahaba." Bibi akamfunika kichanga vizuri. "Si ungemwambia tu?"

"Niliogopa atakataa."

"Ningekubali," Hedwiga akasema kutoka mlango wa jikoni. "Alhamisi ile ile, nimekaa juu ya tairi lako."

"Na leo?"

"Leo nikikuangalia naiona kofia ya bibi." Akafuta mikono kwenye khanga. "Uje Jumapili ijayo uniulize tena."

"Na ukikataa?"

"Utakuwa umeuliza, Chande."

Akashuka mlima peke yake, kona baada ya kona, bila mtu wa kumsimulia. Jumapili iliyofuata alikuwa njiani kabla hata jua halijachomoza.