To'ala Haijahama

Telesia alikuwa anamenya magimbi. Mumewe, Pelenato, akamtazama tumbo na kutabasamu kama mtu aliyeokota kuku.

"Mama Simi, miezi saba hujaona siku zako. Ni pacha hao!"

"Pacha gani? Tumbo limelala kama mkeka. Na kila mwezi linanikata vibaya, ila damu haiji."

Pelenato akakuna kichwa. Mimba gani inauma kwa zamu? Akamwita Shangazi Losa, mkandaji wa kijiji chetu hapa kisiwani Savai'i.

Losa alimlaza Telesia, akampaka mafuta ya nazi, akapapasa chini ya kitovu. Hapo ndipo inapokaa to'ala, kiungo ambacho wazee wetu husema kinaweza kutembea tumboni. Ikihama, mwili wote unavurugika.

"Imekimbilia mbavuni, mtundu huyu," Losa alisema. "Nitairudisha."

Aliirudisha Jumatatu. Jumatano ikawa imeondoka tena. Akaifuata mgongoni, akaifuata kiunoni.

"Shangazi, to'ala yangu ina miguu?"

"Nyamaza, inasikia!"

Telesia alicheka, kisha akalia. "Mimi nataka mtoto wa pili tu. Ndiyo nimekwisha?"

Losa alifuta mikono. "Mwanangu, nisikudanganye. Hata mimi sielewi tena. Twende kwa nesi."

Nesi Vaimoana alipima mkojo. Hakukuwa na mimba, wala pacha.

"Ulipomzaa Simi, mambo yalikwendaje?" aliuliza.

"Kondo la nyuma liligoma kutoka lote. Damu ikamwagika, wakanisafisha hospitalini. Wiki chache baadaye damu ikarudi, na homa. Wakanisafisha tena."

"Kukusafisha vipi? Walikukwangua kizazi?"

"Mimi najua? Walisema kusafisha. Nilidhani ni kama kuosha sufuria."

"Basi huenda umepata makovu ndani ya kizazi," nesi alisema. "Ukiunguza vidole viwili kwa mawe ya moto, ukavifunga pamoja, si vitapona vikiwa vimegandana? Kuta za kizazi nazo hugandana hivyo. Damu inaweza kukosa njia. Mimba nayo inakosa pa kushika."

"Kwa hiyo waliniharibu!"

"Walikuokoa. Damu ile ingekuua. Lakini kukwangua kuna hatari yake, hasa baada ya kuzaa au mimba kutoka, na zaidi kukirudiwa. Maambukizi huenda yakaongeza. Hata kupasuliwa kizazi, kama kutolewa uvimbe, kunaweza kuacha makovu. Si kila mtu huyapata. Ila siku zako zikipungua au zikikata baada ya kukwanguliwa, usikae nyumbani ukihesabu pacha."

Losa alikohoa. "Na kukanda je? Ni mimi niliyeyaleta?"

"Hapana, Shangazi. Hukuyaleta. Ila mikono yako haiwezi kuyafikia."

"Kumbe to'ala ya watu imetulia tu mahali pake!" Losa alisema. "Nami nimeisumbua siku zote hizi!"

Katika hospitali ya mjini, daktari aliingiza kamera nyembamba kizazini. Makovu yalikuwepo. Aliyakata, kisha akampa Telesia vidonge vya kusaidia ukuta wa ndani uote upya. "Sasa tusubiri damu," alisema. "Siwezi kukuahidi mtoto. Lakini njia tumeifungua."

Wakasubiri. Pelenato aliuliza kila asubuhi, mpaka akafukuzwa jikoni.

Damu ilikuja Jumapili, katikati ya wimbo wa pili, kwenye gauni jeupe la kanisani.

"Kaa chini!" Losa alinong'ona kutoka nyuma. "Gauni!"

Telesia alijitazama. "Imekuja!" alipiga kelele. "Shangazi, imekuja!"

Kwaya ikakwama. Mchungaji akadhani ni Roho. Pelenato, asiyejua kilichokuja, akasema "Amina!"

Mwaka uliofuata Telesia alishika mimba. Nesi alimfuatilia kwa karibu na kumtuma akajifungulie hospitali kubwa, maana kondo linaweza kung'ang'ania tena. Akazaa msichana mwenye sauti kali.

Siku hizi mwanamke akimwendea Losa kwa shida ya hedhi, swali huja kabla ya mafuta: "Umewahi kukwanguliwa kizazi?" Akijibiwa ndiyo, Losa humshika mkono na kumpeleka mwenyewe kwa nesi, huku binti wa Telesia akiwa kiunoni mwake, anamvuta hereni.