Taa ya Tundu la Nane

Tundu la nane halikuwa na waya, lakini taa yake iliwaka kijani.

Bogna aliiona, akadhani macho yanamdanganya. Alikuwa chini kabisa ya mgodi wa makaa huko Silesia, akipanga njia za habari na ving'ora kwenye matundu ya swichi mpya ya mtandao, huku akipiga mluzi. Mluzi mgodini! Na mumewe Rudek ni mchimbaji, muda huo yuko ndani zaidi anakata makaa. Mwiko aliujua, ila sikio la kufa halisikii dawa.

"Nyamaza, dada," Ewald, fundi umeme mwenzake, alimnong'oneza. "Skarbnik, jini mlinzi wa mgodi, hapendi mluzi. Mmegee mkate, umwombe radhi."

"Jini wenu ale mkate wangu? Akanunue wake!"

King'ora kikalia. Skrini ikaonyesha hatari iko tundu la nane. Bogna akakagua, hakuna kitu. Kikalia tena, na tena, mpaka akakereka, akakizima king'ora cha tundu hilo.

"Haya, alie sasa tumsikie."

Kimya. Kisha ikaja harufu ya utambi na mafuta ya taa, mahali ambapo hakuna aliyewasha utambi tangu enzi za babu zao.

"Bogna," Ewald alisema akinusa hewa, "habari za gesi za kina Rudek zinapita wapi?"

Akafungua njia alizopanga, akakuta zimehama zenyewe, na vipimo vyote vya gesi vya upande wa mumewe sasa vilikuwa vikiingia kwenye tundu lile lisilo na waya, tundu alilolinyamazisha kwa mkono wake mwenyewe, na gesi ilikuwa imepanda na bado inapanda, wala hapakuwa na king'ora hata kimoja cha kuwaambia wale wanaume wakimbie.

"Nisamehe!" alilia, mkono mmoja ukimega mkate, mwingine ukirudisha king'ora.

Kikalia mgodi mzima. Papo hapo Rudek na wenzake wakatokea wakihema. Bogna akamrukia, akamkumbatia. Rudek akaganda.

"Umefikaje hapa?"

"Sijatoka hapa, Rudek."

"Usinitanie, mke wangu. Umekuja kule ndani kutuita kabla king'ora hakijalia. Nimekuacha nyuma yangu, umekataa kutangulia."

Kutoka kwenye giza walikotoka, mluzi ukasikika, wimbo ule ule wa Bogna, ukija taratibu. Bogna akaziba mdomo kwa mikono miwili. Mluzi haukukoma.