Mstari wa Lucky

Siku hiyo hakukuwa na shule. Jenista na mama yake, Tabita, walikuwa wakianika kahawa nje ya nyumba yao huko Hasamba. Jairo, mdogo wake Jenista, alichambua punje mbovu. Lucky, mtoto wa mama yao mdogo wa Tunduma, alikuwa amekuja kuwatembelea, na sasa alikuwa akifukuza kuku uani.

Ghafla kuku walitawanyika. Mbwa mgeni alitokea kwenye mibuni akiyumbayumba, mate yakimchuruzika. Hakubweka. Alimng'ata Jairo mguuni, kisha akamrukia Lucky na kumkwaruza shavuni kwa meno. Mama alipomvuta Lucky, naye akang'atwa mkononi.

Majirani walimuua yule mbwa kwa fimbo. Juma lililopita ndama wa jirani alikuwa amekufa akitokwa na povu.

Katika zahanati, nesi Atuganile alikuwa peke yake. Alianza kuwaosha majeraha kwa sabuni na maji ya bomba.

"Jenista, mikono yangu imelowa," alisema. "Chukua hicho kishikwambi unijazie fomu. Andika kaya yenu, halafu chini yake kila aliyeumwa na mstari wake. Ukibonyeza 'Hifadhi' wote wanaingia pamoja. Chanjo zitaletwa kulingana na majina hayo."

Jenista alifurahi. Shuleni alisifiwa kwa kujua kompyuta. Alimwandika mama, akamwandika Jairo. Alipofika kwa Lucky, fomu ilidai tarehe ya kuzaliwa. Hakuijua. Aliiacha wazi, akabonyeza.

"Mstari wa tatu haujakamilika. Hakuna taarifa iliyohifadhiwa."

Alijaribu tena, jibu likawa lile lile. Aliona aibu kuuliza. Akamtazama Lucky; shavuni palikuwa na mchubuko mwembamba tu. Akaufuta mstari wa tatu na kubonyeza. Safari hii fomu ilikubali.

"Wote watatu wameingia?" nesi aliuliza.

"Ndiyo, nesi."

"Afadhali. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, hakina dawa. Mgonjwa huogopa hata maji. Chanjo zitatoka mjini Mlowo kesho asubuhi."

Maneno hayo yalimkaa Jenista rohoni kama jiwe. Hata hivyo, alikirudisha kishikwambi mezani bila kumtaja Lucky.

Asubuhi mama alimpa Lucky kikombe cha maji. Mtoto alikisukuma kwa nguvu, maji yakamwagika.

"Sitaki!" alilia.

Jenista alikumbuka maneno ya nesi. Alitoka mbio hadi zahanati. Pikipiki kutoka Mlowo ilikuwa imekwisha fika, na nesi alikuwa akifungua sanduku la baridi.

"Nesi, Lucky hayumo!" Jenista alisema huku akihema. "Nilimfuta ili fomu ikubali. Nilikudanganya. Na sasa anakataa maji!"

Uso wa nesi ulibadilika. "Dalili haziji mapema namna hiyo. Lakini jeraha lake liko usoni, karibu na ubongo. Hilo ndilo baya kuliko yote. Mlete sasa hivi, na mama yako na Jairo waje."

Walipofika, nesi aliwaeleza kwamba chanjo zilizoletwa zilikuwa za watu wawili.

"Lucky atangulie," mama alisema upesi. "Jairo amfuate. Mimi nitasubiri."

Jenista aliangalia bandeji mkononi mwa mama yake, akaanza kulia.

Nesi aliwachoma watoto sindano, halafu akafungua tena kaya yao kwenye kishikwambi, akaongeza mstari. Penye tarehe ya kuzaliwa alichagua "umri wa kukadiria," akaandika miaka minne na kuhifadhi. Kisha akapiga simu Mlowo kuagiza chanjo ya tatu. Mawingu mazito yalikuwa yametanda, na barabara ya udongo huteleza mvua ikinyesha. Walikaa barazani wakisikiliza ngurumo. Mchana ndipo mwendesha pikipiki aliporudi, amelowa chapachapa, akiwa na chanjo ya mama.

Lucky alikuwa ameketi mapajani mwa Jairo, akinywa maji kwa pupa.

"Mtarudi wote kwa sindano zinazofuata, msiruke hata moja," nesi alisema. Kisha akamgeukia Jenista. "Ungeniuliza, ningekuonyesha mara moja. Fomu ilikataa kwa sababu mtu mmoja alikuwa hajakamilika. Wewe ukamwondoa mtu. Kutojua si kosa, mwanangu. Kosa ni kuficha kwamba hujui, hasa pale ambapo uhai wa mwenzako umo mikononi mwako."