Kifo Chini ya Jukwaa la Mashariki

Wafagiaji ndio waliomkuta. Mechi ya Ijumaa ilikuwa imekwisha, watu wametoka, nao wakashuka na mifagio yao kwenye ngazi za jukwaa la mashariki. Pale ngazi zinapoishia, kwenye kona yenye giza karibu na choo, mzee mmoja alikuwa amelala chali, skafu ya kijani ya klabu ya Fajri shingoni, damu imemganda kisogoni. Mfukoni mwa koti lake redio ndogo ilikuwa bado inaongea.

Inspekta Mokhtar Sebbagh alivaa glovu, akaizima. Kisha akachuchumaa, akamtazama marehemu usoni.

"Unamfahamu, afande?" aliuliza Nawel, koplo wa kitengo chake.

"Oran nzima inamfahamu. Huyu ni Ami Kouider."

Kouider Belarbi, ambaye mji wote ulimwita Ami, yaani baba mdogo, alikuwa fundi mstaafu wa karakana ya reli. Kila Jumamosi alipiga simu kwenye kipindi cha michezo cha redio ya mji, na watu waliokuwa wakila karantika ya unga wa dengu vibandani waliacha kutafuna wamsikilize. Alikuwa na mambo matatu ya kusema: Fajri, polisi na mahakama, na mdomoni mwake yote yalikuwa jambo moja.

"Timu yetu inapiga pasi za pembeni kama mposaji anayezunguka nyumba ya mkwe, haingii," angesema. "Polisi wanatupitisha maelfu mlango mmoja, mbwa wanatubwekea, halafu wanashangaa tunasukumana. Na mahakama zetu ni refa mwenye kitambi. Hawezi kumfikia aliyecheza rafu, basi anampa kadi aliye karibu."

Mwisho wa kila simu maneno yalikuwa yale yale: "Na Nadir bado yuko ndani."

Mokhtar aliyajua maneno hayo. Mara nyingi, akiwa garini, alizima redio kabla hayajafika.

Misimu miwili nyuma, baada ya Fajri kufungwa na wapinzani wao wa jadi, jiwe lilirushwa kutoka jukwaa hilo hilo la mashariki. Lilimpiga kichwani askari kijana aitwaye Fouad, akafa kabla ya kufika hospitali. Nadir, kijana aliyekuwa akiuza skafu nje ya uwanja, alihukumiwa miaka kumi na miwili kwa neno la shahidi mmoja.

Daktari wa uchunguzi wa maiti alipiga magoti kando ya mwili kwa muda, kisha akasimama.

"Kuna michubuko miwili kifuani, ya viganja. Amesukumwa. Fuvu limepata ufa kwenye ukingo wa ngazi."

"Alikufa papo hapo?"

"Hapana. Damu imevuja polepole. Angefikishwa hospitali mapema, huenda leo angekuwa analalamikia chakula cha wagonjwa."

Nawel alionyesha kwa kidole. Kofia ya marehemu ilikuwa imekunjwa vizuri, imewekwa chini ya kichwa chake kama mto.

"Hii haikuanguka hivi, afande."

"Haikuanguka," alisema Mokhtar. "Na adui hamwekei adui yake mto."

Hata hivyo ilibidi aanze na adui.

Sajenti Ghalem wa ulinzi wa uwanja alikuwa shahidi yule mmoja aliyempeleka Nadir jela. Wiki iliyopita, mbele ya watu, alikuwa amesema ulimi wa Kouider utamponza. Mokhtar alimketisha ofisini asubuhi ya Jumamosi.

"Ulisema au hukusema?"

"Nilisema."

"Dakika za mwisho za mechi ulikuwa wapi?"

"Lango kuu. Kamera zipo, angalia."

"Tumeangalia. Ulikuwepo." Mokhtar alimsogezea kikombe cha kahawa. "Ulimchukia?"

Ghalem hakugusa kikombe. "Fouad alikuwa mwenzangu wa doria. Alinifia mapajani. Niliinua macho nikaona koti la kijani linakimbia. Nikamfukuza mwenye koti la kijani."

"Katika uwanja wa Fajri."

"Ndiyo. Katika uwanja ambao kila mtu amevaa kijani." Alikisogeza kikombe kando. "Kila Jumamosi mzee alisema polisi hawamtafuti aliyerusha, wanamtafuta wa kumfunga. Nilimchukia, afande, kwa sababu nikilala nilikuwa najiuliza kama hasemi kweli."

Mokhtar alimruhusu aende.

Mjane wa Kouider, Bi Kheira, hakulia mbele yao. Aliwapa chai ya nanaa, akakaa akiipapasa meza.

"Alikuwa na ugomvi na mtu?"

"Na makocha wote tangu tuoane. Mtu mwingine, hapana."

"Wiki iliyopita alisema redioni kwamba Jumapili itakayofuata mechi, mahakama ikifunguliwa baada ya mapumziko ya Ijumaa na Jumamosi, itasikia jambo. Jambo gani?"

"Nilimuuliza. Akaniambia, 'Kheira, hili si langu, nimebebeshwa tu. Mwenyewe atalisema.'" Aliinua macho. "Muulizeni Miloud. Wamekaa viti viwili vya jirani uwanjani tangu wakiwa vijana. Walijuana kuliko mimi nilivyomjua."

Miloud Hachemi alikuwa fundi wa majokofu, na karakana yake ilikuwa chini ya nyumba anamoishi, mtaa wa pili. Walimkuta ameketi kati ya majokofu matatu yaliyofunguliwa milango, hafanyi kazi. Alikuwa amefiwa na mke, mwenye mtoto mmoja tu wa kiume, Redouane. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Pole, Ami Miloud," alisema Mokhtar.

"Mwenyezi Mungu amrehemu."

"Mlikuwa pamoja jana?"

"Kama siku zote. Karibu na mwisho akasema anakwenda msalani. Hakurudi. Nikadhani amekutana na watu, unajua mdomo wake. Kipenga kilipolia nikaenda nyumbani."

"Hukumtafuta?"

"Si mtoto."

"Na redio ile, uwanjani, ya nini? Si mpira anauona?"

Miloud alitabasamu kidogo, na tabasamu likamfia usoni. "Alikuwa anasema, macho yaone mpira, masikio yasikie jinsi unavyodanganywa. Anabishana na mtangazaji mechi nzima. Majirani walitaka kumtupa."

Mokhtar alifunga kalamu yake. Aliuliza tu, kama mwanamume yeyote wa Oran angeuliza: "Mimi nilikuwa kazini, sikuona. Bao la mwisho lilikuwaje?"

"Zuri. Kona, Zoubir akaruka, kichwa, wavuni."

"Alhamdulillah, angalau ameondoka timu imeshinda."

"Ndiyo," alisema Miloud, akageuza uso.

Mchana wake Mokhtar na Nawel waliingia mgahawani kula. Meza ya pili wanaume wanne walikuwa wakigombana kana kwamba mechi bado inachezwa.

"Mpumbavu yule Ferhat. Unafunga bao la ushindi, unavua shati, na tayari una kadi ya njano."

"Ana damu ya moto, mwache."

"Nimwache? Kapewa nyekundu, mechi ijayo nani atacheza, shangazi yako?"

"Shangazi yangu hapigi pasi za pembeni, hilo nina hakika."

Mokhtar aliweka kijiko chini, akawageukia. "Samahani, jamaa. Bao la mwisho si la Zoubir?"

Walimtazama kama mtu aliyeuliza kama bahari ina chumvi.

"Zoubir aliruka akaukosa, kaka. Mpira ukampiga Ferhat begani, ukaingia. Kakimbia mpaka mbele ya jukwaa la mashariki, kifua wazi, shati anazungusha hewani. Kipofu angemwona."

"Huyu alikuwa anasikiliza redio," mwingine alicheka. "Yule mtangazaji alipayuka 'Zoubir, Zoubir', hata kuomba radhi hakuomba mpaka kipenga kilipolia."

Nawel alikuwa ameshaacha kula.

"Redio ilikuwa mfukoni mwa marehemu," alisema kwa sauti ndogo.

"Na marehemu alikuwa chini ya ngazi," alisema Mokhtar. Hakuhisi furaha yoyote.

Vijana wa jukwaa la mashariki walikuwa wamepiga video za bao lile kwa simu zao, na mmoja alikubali kuwaonyesha. Ferhat anakuja mbio, kifua wazi, jukwaa zima limesimama. Katikati ya watu wanaoruka, viti viwili vya jirani vilikuwa vitupu.

Miloud aliletwa kituoni jioni. Hakuuliza kwa nini. Alitazama video hadi mwisho, kisha akaomba irudishwe tena.

"Ferhat," alisema taratibu. "Kumbe ni Ferhat."

"Ulikuwa wapi, Ami Miloud?"

Miloud alivikodolea macho vile viti vitupu.

"Mtu amekaa na Fajri maisha yake yote, timu inashinda, yeye hajui aliyefunga hata siku ya pili. Hukufungua redio. Hukusoma gazeti. Hukutoka kwenda mgahawani. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naye."

"Chini ya ngazi."

"Nilimshika kichwa," alisema Miloud. "Kilikuwa kizito."

Kisha akaeleza, bila kuruka neno, kama mtu aliyechoka kubeba.

Siku Fouad alipouawa, Redouane alirudi nyumbani analia. Alisema amerusha jiwe, hakumlenga mtu, amerusha tu kwa hasira kama wengine. Miloud alilichoma koti la kijani la mwanawe kwenye pipa nyuma ya karakana. Nadir alipokamatwa, Miloud alijiambia mahakama itaona kosa lake na kumwachia. Haikuona. Nadir alipohukumiwa, Miloud alijiambia kijana atakata rufaa. Nadir alikata, akashindwa. Kila Jumamosi Kouider alimaliza na maneno yale, na Miloud alikuwa ameketi kando ya simu ile ile, akinywa chai ya mwenzake.

"Alijua ni mwanao?"

"Zamani hakujua. Wiki iliyopita niliposikia habari ya Jumapili, moyo ukanipasuka. Jana akinyanyuka kwenda msalani nikamfuata. Nikamwambia, 'Unakwenda kusema nini mahakamani?' Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniambia anajua. Nikamwambia, 'Nina mtoto mmoja.' Akasema, 'Na mama yake Nadir ana wangapi?'"

"Halafu?"

"Akasema, 'Nenda nyumbani, Miloud, kazungumze na Redouane.' Hayo tu. Nikaona ananifukuza. Nikaona ameshaamua, ananiambia nikamuage mwanangu. Nikamsukuma." Aliitazama mikono yake juu ya meza. "Sikutaka kumwua. Nilitaka anyamaze."

"Alikuwa hai ulipomwekea kofia."

"Alikuwa anapumua. Midomo inacheza. Juu watu wakanguruma, redio ikasema Zoubir. Nikawaza, nikipiga kelele sasa hivi watu watashuka, ataokoka. Na akiokoka, Jumapili atakwenda. Nikatoka kwa mlango mdogo."

Nawel aliacha kuandika. Mokhtar alijua kwamba sheria ilikuwa imepata ilichokitaka, na kwamba kilichobaki hakikuwa cha sheria.

Mlango uligongwa. Askari wa zamu aliinama sikioni mwa Inspekta. "Kuna kijana nje. Anasema anaitwa Redouane Hachemi. Anasema amekuja kukiri."

Mokhtar alitoka hadi ukumbini. Kijana alikuwa na miaka ishirini na kitu, mwembamba, mikono ina mafuta ya karakana.

"Umekuja kwa ajili ya baba yako?"

"Baba yangu? Baba ana nini?" Alishangaa kweli. "Nimekuja kwa ajili ya Nadir. Nilikuwa niende Jumapili kwa mwendesha mashtaka, pamoja na Ami Kouider. Sasa Ami amefariki, nikaona nikingoja hadi kesho nitaogopa tena."

"Kouider alikuwa akushitaki?"

"Anishitaki?" Redouane alitikisa kichwa. "Mimi ndiye niliyemwendea. Nilimwambia yote, nikamwomba anisindikize. Nilimwapisha asimwambie baba. Nilitaka nimwambie mwenyewe, jana baada ya mechi. Ami alisema, 'Sawa, nitampeleka nyumbani mapema, umkute ametulia.' Nilikaa nyumbani nikiwangojea. Baba aliporudi alipitiliza chumbani, akajifungia."

Mokhtar aliegemea ukuta. Alikuwa amewaambia watu wengi habari nyingi mbaya katika kazi hii, na hakuwahi kuzoea, lakini hii hakujua aianzie upande gani.

Alimwambia.

Redouane hakupiga ukelele. Alikaa chini sakafuni, pale pale ukumbini.

Walipomtoa Miloud kumpeleka mahabusu ilibidi apite hapo. Alimwona mwanawe, akasimama. Kisha akamgeukia Inspekta kwa hofu.

"Yeye hajafanya lolote. Jana alikuwa nyumbani."

"Nilikuwa nyumbani, baba," alisema Redouane. "Nakungojea. Nilitaka kukuambia kwamba Jumapili naenda kusema. Ami Kouider alikuwa anisindikize tu. Nilimwomba mimi."

Miloud alimsogelea mwanawe hatua moja.

"Wewe ndiye uliyemwomba," alisema.

"Mimi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenikataza."

Mzee alifikiri. Hakubisha. "Ningekukataza," alisema.

Askari alimgusa bega, naye akaenda, hatua fupi, bila kugeuka nyuma.

Asubuhi ya Jumapili Mokhtar aliandika maelezo mawili, ya baba na ya mwana, na kuyapeleka kwa mwendesha mashtaka yeye mwenyewe. Ghalem aliitwa, akafuta ushahidi wake mbele ya karani, akilia waziwazi bila kujifuta. Kumtoa Nadir kungechukua muda. Mahakama ni nyepesi kufunga mlango, nzito kuufungua.

Bi Kheira alipoletewa habari alisikiliza hadi mwisho. Hakulaani mtu.

"Miloud hana mke," alisema. "Nani atampelekea chakula huko ndani?"

Mokhtar alisema hajui.

"Basi Kouider angepeleka," alisema, na hapo ndipo alipolia.