Ng'ombe wa Kubilisa Ndani ya Kompyuta

Kila asubuhi Anisia alifagia mbele ya kibanda chake cha uchapaji, karibu na stendi ya mabasi ya Shinyanga. Alinyunyiza maji kidogo, maana vumbi na kompyuta haviivi chungu kimoja. Kisha aliiondolea kompyuta yake kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Mume wake, Otmar, alimtania kwamba mashine ile inavaa vizuri kuliko yeye.

Ilikuwa mwaka 1999. Kompyuta mjini zilikuwa chache. Anisia alikuwa na kazi moja kubwa: kitabu cha nyimbo za kwaya ya Ushirombo, maneno pamoja na nota za do, re, mi. Mwalimu wa kwaya, Donatus, angekuja Jumamosi kukichukua, kwa sababu sikukuu ya parokia ilikuwa imekaribia.

Lakini Otmar alikuwa amechoka na kibanda. Alitaka wauze kompyuta, aende Nyarugusu kuchimba dhahabu na wenzake.

"Kitabu kikitoka, tunaendelea," alimwambia mkewe. "Kisipotoka, tunauza."

Anisia alikubali, lakini aliogopa sana. Aliwajua wanaume waliokwenda machimboni wakarudi na kikohozi tu.

Alhamisi alipowasha kompyuta, mambo yakaharibika. Programu ya kuandikia ilifungua kitabu vizuri. Lakini ilikataa kuhifadhi, ikakataa na kuchapisha. Kioo kiliandika kwamba muda wa majaribio umekwisha.

"Mayu wane, mama yangu!" Anisia alishika kichwa. "Majaribio gani tena?"

Alikimbia kumwita Gulnaz. Gulnaz alikuwa na duka la karatasi pale jirani, na ndiye aliyekuwa akitengeneza kompyuta za watu zikiharibika. Alikuja na kikombe chake cha chai mkononi.

"Mama Hosiana, kulikoni?"

"Mashine imenigeuka! Mimi niliinunua pamoja na vyote vilivyomo. Ukinunua ng'ombe mwenye mimba, ndama si wako?"

Gulnaz alicheka mpaka chai ikamwagika.

"Kwa ng'ombe uko sawa, kwa programu umekosea. Mashine ni yako, programu si yako. Kwenu Didia hakuna ng'ombe wa kubilisa?"

"Wapo. Baba yangu alikuwa nao. Mtu anakukabidhi ng'ombe wake umtunze. Maziwa unakunywa, samadi unapeleka shambani. Lakini kumuuza au kumgawa huwezi. Ana mwenyewe."

"Basi programu ya kulipia iko hivyo. Unalipia leseni, yaani ruhusa ya kuitumia. Huruhusiwi kumnakilia jirani, wala kuibadilisha. Na wewe hata leseni huna. Aliyekuuzia mashine alikuachia ya kujaribia tu."

Anisia alishusha sauti. "Nasikia pale stendi kuna mtu ana namba ya kuifungua."

"Namba ya wizi. Unaitaka?"

Anisia alikataa. Aliona aibu.

Gulnaz alikwenda dukani kwake, akarudi na CD. "Hii ni programu huria. Watu wa nchi mbalimbali wameiunda kwa kushirikiana. Hata maelekezo yanayoiendesha yako wazi. Mwenye ujuzi anaweza kuyasoma na kuyarekebisha. Ichukulie kama mbegu ya mtama. Unapanda, unachagua iliyo bora, unamgawia jirani."

"Sasa mbona watu wananunua ile nyingine?"

"Wana sababu. Ile ina mambo mengi zaidi. Maofisi mengi yanaitumia, kwa hiyo wanafunguliana kazi zao bila shida. Ikisumbua, kuna kampuni ya kuuliza. Hii bado changa. Ikifungua kazi iliyoandikwa kwa programu nyingine, mpangilio unaweza kuvurugika. Ni lazima ukague."

Waliiweka programu ile mpya, wakafungua kitabu. Maneno yalikuwepo yote. Lakini nota zilikuwa shaghalabaghala. Do ya neno hili ilikuwa juu ya neno lile. Anisia nusura alie.

Jumamosi Donatus alifika. Otmar alikuwa amekaa mlangoni, anasubiri kuona mwisho wake. Anisia hakuficha kitu. Alieleza yote.

Donatus alitazama kioo kwa muda, akiimba kwa sauti ya chini.

"Nota zipo zote," alisema. "Zimepotea njia tu. Mimi nitaimba, wewe utazirudisha mahali pake."

Wakaanza, mstari kwa mstari. Abiria wakasogea kusikiliza. Mama muuza karanga aliacha karanga zake akapiga vigelegele. Walipofika wimbo wa matoleo, sauti ikatoka mlangoni.

"Hapo besi inashuka, Mwalimu. Haipandi."

Alikuwa Otmar. Donatus aliimba tena, akatikisa kichwa kukubali.

"Kweli kabisa! Baba Hosiana, unajua kuimba halafu umekaa nje? Sogea huku."

Otmar alisogeza kiti chake. Besi yake ilitikisa mabati ya kibanda. Anisia aliandika huku anatabasamu.

Jioni kitabu kilitoka, safi. Gulnaz alimkumbusha Anisia ahifadhi pia nakala ya maandishi matupu, ambayo karibu programu yoyote inaweza kuifungua.

"Kompyuta ya parokia yetu haina programu ya kuandikia," alisema Donatus. "Naweza kuipata hii?"

Gulnaz aliinakili kwenye disketi. Anisia alimkabidhi Donatus kwa mikono miwili. "Chukua. Hii ninaruhusiwa kukupa. Na wewe mpe mwingine."

Sikukuu ikapita salama, na kitabu kikasifiwa. Wiki iliyofuata lori la wachimbaji lilisimama mbele ya kibanda, likapiga honi. Otmar alitoka. Anisia aliacha kuandika, akasikiliza.

"Nendeni tu," Otmar aliwaambia wenzake. "Leo kwaya ya Kolandoto inaleta kitabu chake, na mke wangu hajui kuimba besi."